Ndege Iliyopita kwa Miguu

Saa nane za usiku, donge la kwanza limeshaumuka,
askari wa pikipiki anapita akifunga mtaa
kama mtu azimaye taa, chumba baada ya chumba.
Magari yaondolewe. Vyungu vya maua viingizwe ndani.
Mbwa wa Cazaubon afungwe, maana hubwekea
kila kinachomzidi kimo.

Kisha inakuja. Si ndege bado:
ni kiwiliwili bila kichwa, bila mabawa,
kimelazwa juu ya lori la magurudumu tele
linalotambaa mwendo wa bibi harusi
anayeogopa kukanyaga shela.
Mwenda pole hajikwai, na huyu hakujikwaa,
ingawa kati ya ubavu wake na dirisha letu la juu
palitosha kiganja tu. Nilipima.
Kiganja na kidole gumba.

"Ingekuwa na adabu," akasema Anselme, mume wangu,
"ingebisha hodi."

Maylis alikuwa na miaka tisa.
Alitoka jikoni na unga mikononi,
akapanda ngazi, akafungua dirisha,
akaigusa.
Vidole vitano vyeupe vikaondoka taratibu
kuelekea Toulouse.
Askari alifoka kutoka barabarani. Nikamjibu:
si wataipaka rangi?

Wahandisi walituletea michoro:
ghorofa mbili; ile ya chini, viti kumi kila safu,
vitatu, vinne, vitatu,
na njia mbili za kupita.
Kanisa letu lina njia moja, na hata hiyo, Jumapili,
unaweza kuifagia ibada ikiendelea.
Tukapiga hesabu: kijiji kizima,
na mbuzi wa Lasserre kama angekubali mkanda,
tungeingia humo na viti vingebaki.
Anselme alinyamaza siku ile.
Kuhesabiwa kuna baridi yake.

Maylis akakua, akaenda kuuguza watu Melbourne,
ambako mimi nikiwasha tanuri
yeye anatafuta chakula cha mchana.
Nilipomfuata nilikuwa mjane wa miaka sitini na minane.
Wakanipa kiti cha kati, katika vile vinne:
kushoto mtu, kulia mtu,
dirisha ni habari ya kusikia.

Usiku, juu ya bahari nisiyoijua jina,
nikaelewa kwa nini njia ni mbili.
Kijana mmoja, shati limelowa maziwa, alimbeba mwanawe
akashuka na njia hii, akapita nyuma penye vyoo,
akapanda na ile, akazungukia mbele, akaja tena.
Njia moja ni kwenda na kurudi.
Njia mbili ni kuzunguka,
na mtoto mchanga hulala akizungushwa.
Nikavua viatu, nikamfuata.
Nyuma yangu akaja mama mwenye sari, mkono kiunoni,
na mzee mmoja akitafuna tende.
Tulizunguka kimya, watu wa soksi,
tukitembea huku tukitembezwa,
na kila nilipofika mlangoni
nilibandika kiganja ukutani, kwa ndani.
Huenda si ile. Zilipita nyingi.

Msafara wa mwisho tulitoka wote na tochi.
Niliwapa madereva mikate ya moto;
mmoja alifuta macho akasingizia mvuke.
Injini mbili zinatosha siku hizi, wakasema,
nne zinakula kama kikosi cha askari.
Mwaka mzima baadaye nilikuwa bado naingiza vyungu.

Juzi Maylis amenitumia kwa posta kipande cha bati,
upana wa kadi, kimetobolewa tundu la kutundikia funguo.
Wamezikatakata, wanaziuza vipandevipande.
Ni cheupe. Nilikikwaruza ukingoni kwa ukucha.
Chini ya rangi, rangi nyingine, ya kijani.
Nikanawa mikono, nikarudi kwenye unga.